Nafuu ya Kodi kwa Mitambo ya Nyuklia Ipimwe kwa Umri wa Mtambo

Kaskazini ya jimbo la Illinois nchini Marekani, karibu na Mto Rock, pana kituo cha umeme wa nyuklia kiitwacho Byron, ambacho wamiliki wake walikuwa wamekwisha kutangaza kwamba kitafungwa kabisa mwezi Septemba 2021, si kwa kuwa vinu vyake viwili vimechakaa, wala si kwa kuwa vibali vyake vimekwisha muda, maana vilikuwa na miaka mingi bado mbele yake, bali kwa kuwa gesi ya asilia ilikuwa tele na rahisi hata bei ya umeme sokoni ikateremka, na mapato yakashindwa kukidhi gharama za kukiendesha. Tarehe 15 ya mwezi huo huo Gavana J.B. Pritzker alitia sahihi sheria ya jimbo iliyokipa kituo hicho na baadhi ya wenzake msaada wa miaka mitano, na Byron ikanusurika. Haukupita mwaka mmoja na nusu, na mnamo Februari 2023 kampuni ya Constellation, yenye kumiliki kituo hicho, ikatangaza kuwa itatumia dola milioni 800 kununua na kufunga mitambo mipya hapo Byron na katika kituo cha jirani cha Braidwood, ili ipatikane nyongeza ya megawati 135 hivi. Kituo kilichokuwa kikihesabiwa siku zake za mwisho kikawa sasa chaagiziwa rafadha za mvuke zitakazodumu kwa miongo.

Kati ya matukio hayo mawili lilipita jambo moja kubwa, nalo ni sheria aliyoitia sahihi Rais Joe Biden tarehe 16 Agosti 2022, iliyopewa jina la Sheria ya Kupunguza Mfumuko wa Bei, ambayo ndani yake vituo vya nyuklia viliwekewa nafuu za kodi za namna mbili, na ni lazima msomaji azitenge, kwa sababu hukumu nitakayoitoa juu ya moja si ile nitakayoitoa juu ya nyingine. Nafuu ya kwanza hufuata umeme uliozalishwa na kuuzwa: kituo cha zamani hupata hadi senti moja na nusu ya dola kwa kila uniti, kuanzia mwaka 2024 hata mwisho wa 2032, maadamu wafanyakazi wake wanalipwa ujira wa haki, na nafuu hiyo hupungua kadiri bei ya umeme inavyopanda. Nafuu ya pili hufuata mali iliyonunuliwa: mwenye kujenga kituo kipya kisichochafua hewa, au mwenye kuongeza nguvu mpya juu ya kituo cha zamani, aweza kukatiwa asilimia 30 ya gharama za mitambo, na zaidi ya hapo asilimia 10 akitumia chuma na vifaa vya nchini mwake, na nyingine 10 akijenga mahali palipokuwa pakitegemea makaa ya mawe. Si makato ya kawaida ya hesabu za biashara, ambayo hupunguza kipato kinachotozwa kodi; hii hupunguzwa katika kodi yenyewe, dola kwa dola, hata mtambo wa dola milioni 100 ukaondoa milioni 30 katika deni la mnunuzi kwa Hazina. Asiyekuwa na kodi ya kutosha aruhusiwa kuiuza nafuu yake kwa kampuni nyingine, na mashirika ya umma yasiyolipa kodi, mfano wa lile la Bonde la Mto Tennessee, hupokea fedha taslimu.

Jambo hili si geni katika nchi ile. Mwaka 1962, katika enzi ya Rais Kennedy, Bunge la Marekani lilitoa kwa mara ya kwanza nafuu ya asilimia 7 kwa kila mwenye kununua mitambo ya uzalishaji, na kampuni za umeme zikapewa asilimia 3. Ikasimamishwa, ikafutwa, ikarudishwa, ikafika asilimia 10 mwaka 1975, na hatimaye ikaondolewa katika mageuzi makubwa ya kodi ya mwaka 1986. Vinu vingi vinavyotoa umeme Marekani leo vilijengwa ndani ya muda huo, na kwa hiyo yeyote asemaye kwamba nyuklia ya zamani ilisimama kwa miguu yake pasipo mkono wa Hazina, asema lisilokuwa. Katika miaka hiyo ulizuka ugomvi ambao haujaisha: kampuni zilikuwa zikiwatoza wateja, ndani ya bili zao, kodi ambayo kwa sababu ya nafuu na uahirisho zilikuwa haziilipi serikalini kwa wakati ule, na watetezi wa walaji wakalalamika kwamba mtu maskini alipishwa kodi isiyofika Hazina. Bunge likaamuru faida ya nafuu ienezwe juu ya umri mzima wa mtambo, isipewe mteja wa leo yote kwa mara moja wala isimezwe na mwenye hisa. Amri ile ilikuwa na akili ndani yake, kwa kuwa ilitambua kwamba mtambo wa umeme ni mali ya vizazi, na hesabu yake haina budi kufuata vizazi hivyo.

Mimi nasimama upande wa wanaoitetea nafuu hii, na nasema hivyo mapema ili yatakayofuata yasidhaniwe kuwa ni chuki. Kituo cha nyuklia kilichokwisha simama kina vitu ambavyo fedha peke yake haivinunui upesi: kina ardhi iliyopimwa na kukubaliwa, kina maji ya kupozea, kina nyaya za kupeleka umeme mijini, kina mafundi waliofundwa miaka mingi, na kina majirani waliokwisha kukizoea. Kukiongezea nguvu ni kazi ya vyuma, lakini kujenga kipya ni kazi ya vyuma na mahakama na benki na subira. Huko Georgia, katika kituo cha Vogtle, vinu viwili vipya, cha tatu na cha nne, vilianza kazi rasmi mwezi Julai 2023 na mwezi Aprili 2024, baada ya miaka mingi ya kuchelewa, na gharama zake zikapita dola bilioni 30, sawa na zaidi ya dola milioni 13 kwa kila megawati. Ilhali kwa hesabu ya tangazo la Byron na Braidwood, kila megawati ya nyongeza haifiki dola milioni 6. Katika jimbo la South Carolina vinu viwili vya namna ile ile ya Vogtle viliachwa mwezi Julai 2017 vikiwa nusu, baada ya kumeza takriban dola bilioni 9, na wateja wangali wakilipia majengo yasiyowasha hata taa moja.

Na nguvu inayoweza kuongezwa juu ya vinu vya zamani si haba. Tangu mwaka 1977 Tume ya Udhibiti wa Nyuklia ya Marekani imekwisha kuruhusu nyongeza ambazo jumla yake ni karibu megawati 8,000, kadiri ya vinu vikubwa vinane, pasipo kuchimbwa msingi mmoja mpya. Baadhi ya nyongeza hizo zatokana na mambo madogo ambayo mtu asiye fundi hawezi kuyadhania. Zamani kila kinu kililazimika kuacha asilimia 2 ya nguvu yake bila kuitumia, kwa hofu ya kosa la upimaji, maana vipimo vya maji yaingiayo kwenye mitambo ya mvuke havikuwa sahihi kamili, na haikuwa salama kuendesha kinu hadi ukingoni mwa kibali ilhali ukingo wenyewe haujulikani barabara ulipo. Kikaja kipimo kinachopeleka sauti isiyosikika na sikio la binadamu kukatisha ndani ya bomba la maji, kikatambua mwendo wa maji kwa tofauti ndogo ya wakati sauti inapokwenda na mkondo na inapokwenda dhidi yake. Kosa la upimaji likapungua, na sehemu kubwa ya zile asilimia 2 ikaweza kugeuzwa umeme. Hakika sijui njia nyingine ya kupata umeme usio na moshi kwa gharama ndogo kuliko kujua kwa usahihi zaidi kile ulicho nacho tayari.

Lakini pana upande wa pili, nao hauonekani vizuri mahali pengine popote kama katika kituo cha San Onofre, kilichojengwa ufukoni mwa California, baina ya Los Angeles na San Diego. Katika vinu vya aina ile, maji yaliyopata joto kwenye kiini cha kinu hupita ndani ya mirija myembamba, na maji mengine, yasiyochanganyika nayo kamwe, huizunguka mirija hiyo kwa nje, yakachemka yakawa mvuke wa kuzungusha rafadha. Chombo kikubwa kinachofanya kazi hiyo, ambacho hapa nitakiita birika la mvuke, kilikuwa pale San Onofre na uzito wa zaidi ya tani 600, na ndani yake mirija 9,727, na kila kinu kilikuwa na mabirika mawili. Yale ya awali yalipochakaa, wamiliki waliagiza manne mapya kutoka Japani, kwa kampuni ya Mitsubishi, wakayafunga mwaka 2010 na 2011, kwa gharama iliyopita dola milioni 600. Wateja waliahidiwa miongo ya umeme.

Tarehe 31 Januari 2012, mwaka mmoja haujatimia tangu kimoja cha vinu hivyo viwili kianze kutumia mabirika yake mapya, mrija mmoja ulivuja, na kinu kikazimwa. Wakaguzi walipoingia walikuta kwamba mirija ilikuwa ikitikisika na kusuguana yenyewe kwa yenyewe, na mirija minane ikashindwa kustahimili shinikizo la majaribio. Hesabu za kompyuta zilizotumika wakati wa kusanifu zilikuwa zimekadiria mwendo wa mvuke chini mno kuliko ulivyo, na mvuke uendao kasi kupita kiasi hutikisa mirija kama upepo utikisavyo kamba za jahazi. Mtu hakudhurika. Hata hivyo vinu vyote viwili havikuwashwa tena, na mwezi Juni 2013 ikatangazwa kwamba vimefungwa daima. Ilipofika mwaka 2017 baraza la usuluhishi liliiamuru kampuni iliyotengeneza mabirika ilipe dola milioni 125, ilhali wamiliki walikuwa wamedai mabilioni, kwa sababu mkataba wa mauzo ulikuwa umewekea mpaka dhamana ya mtengenezaji. Na mzigo uliobaki? Suluhu ya kwanza, ya mwaka 2014, iliwatwika wateja takriban dola bilioni 3.3, baadaye ikafichuka kwamba msingi wa suluhu hiyo ulizungumzwa mwezi Machi 2013 katika hoteli moja mjini Warsaw, baina ya mkuu wa tume ya udhibiti ya California na ofisa wa kampuni ya umeme, pasipo umma kuarifiwa, na shauri likafunguliwa upya hata mwaka 2018 wateja wakapunguziwa.

Huko Florida, katika kituo cha Crystal River, mambo yalikuwa mafupi na machungu vile vile: mwaka 2009 ukuta mnene wa zege unaokifunika kinu ulitobolewa ili mabirika mapya yapate kuingizwa, zege likapasuka kwa ndani, matengenezo yakaleta nyufa nyingine, na kituo kikafungwa mwaka 2013.

Nimevitaja vituo hivi viwili si kwa kudai kwamba kila kifaa kipya ni balaa, maana mabirika ya mvuke yamebadilishwa katika vituo vingi vya Marekani na yanafanya kazi salama hadi leo. Muradi wangu ni kuonyesha kwamba kununua mtambo na kupata umeme ni mambo mawili, na sheria inayolipia la kwanza haina yakini ya la pili. Nafuu ya kwanza, ile inayofuata uniti zilizouzwa, haina kasoro hii: mtambo ukifa, nafuu hufa nao, na Hazina haipotezi senti kwa umeme usiozalishwa. Nafuu ya pili hulipwa mara mtambo uanzapo kazi. Waliotunga sheria ya kodi walilijua hilo, wakaweka kanuni ya kurudishwa: mali iliyopewa nafuu ikiacha kutumika kabla ya miaka mitano, sehemu ya nafuu hurudishwa Hazina, na sehemu hiyo hupungua kwa asilimia 20 kila mwaka kamili upitapo, hata mwaka wa tano ukitimia hakidaiwi kitu.

Hapo ndipo penye kosa. Miaka mitano yaweza kufaa kwa mashine ya kiwandani iliyotarajiwa kudumu kumi, lakini birika la mvuke, au rafadha, au jenereta kubwa, hununuliwa kwa ahadi ya miaka arobaini, na kituo chenyewe huombewa kibali cha kufika miaka sitini, na sasa themanini. Mtambo ukifa katika mwaka wa sita, Hazina itakuwa imekwisha kusamehe asilimia 30 au zaidi ya gharama zake kwa ajili ya sehemu ndogo tu ya umri ulioahidiwa. Wala mtambo kufa kabla ya umri ulioahidiwa si jambo la kubuni: kituo cha Trojan huko Oregon kilianza biashara mwaka 1976, na mwezi Januari 1993 wamiliki wakaamua kukifunga daima, kwa kuwa mirija ya mabirika yake ilikuwa imeingia nyufa, baada ya miaka kumi na sita tu ya kazi. Baadaye wateja walishindana na kampuni mahakamani kwa miaka mingi juu ya nani alipe salio la mali iliyokufa.

Kwa hiyo naona ni haki kwamba muda wa kurudishwa, kwa mitambo ya nyuklia, uongezwe kutoka miaka mitano kufika ishirini, na deni lipungue kidogo kidogo kila mwaka, ili anayechukua nafuu awe na sababu ya kukagua mchoro wa fundi kabla ya kutia sahihi, kuituma timu yake kiwandani, na kukataa mkataba unaomwachia mtengenezaji dhamana ndogo. Nawasikia wanaosema kwamba masharti hayo yatawatisha wenye mitaji, na kwamba benki zitapandisha riba. Neno lao lina uzito, kwani hakuna anayekopesha kwa furaha pale penye deni linaloning'inia miaka ishirini. Lakini hatari ile ipo tangu zamani, na San Onofre yathibitisha kwamba isipobebwa na mnunuzi wala na mtengenezaji hubebwa na mama wa nyumbani alipaye bili, ambaye hakuulizwa, hakuuona mchoro, wala hana bima. Hatari ikikaa kwa mwenye uwezo wa kuizuia, mara nyingi huzuiwa.

Sheria ile ya Illinois ya mwaka 2021 inafaa kutazamwa zaidi ya inavyotazamwa. Haikutoa msaada wa upande mmoja. Ilipanga kwamba bei ya umeme ikiwa chini, wateja wavichangie vituo, na bei ikipanda juu ya kiwango kilichowekwa, vituo viwarudishie wateja. Watu wengi waliikejeli wakisema ni ruzuku iliyovikwa nguo nyingine. Lakini mwaka 2022 vita vya Ukraine vikapandisha bei za nishati ulimwenguni, na tangu mwezi Juni mwaka ule wateja wa kaskazini ya Illinois wakaanza kuona bili zao zikipunguzwa kwa fedha iliyotoka kwa vituo vile vile walivyovinusuru. Huu ni uadilifu wa mkataba unaozifunga pande zote mbili, na sioni kwa nini nafuu ya asilimia 30 juu ya mitambo isifungwe na sharti kama hili, hasa katika majimbo ambayo umeme huuzwa kwa bei ya soko na kampuni huweka kibindoni kila senti ya neema.

Mwezi Julai 2025 Rais Trump alitia sahihi sheria iliyozikata kwa ukali nafuu za umeme wa jua na wa upepo, jambo ambalo naliona kuwa ni dhuluma kwa nishati zisizo na kosa, lakini nyuklia ikaachiwa nafuu yake kamili kwa ujenzi utakaoanza kabla ya mwisho wa 2033, kisha robo tatu mwaka 2034, nusu mwaka 2035, na baada ya hapo hakuna. Kwa hiyo kampuni zitaharakisha, na mitambo mingi itaagizwa katika miaka hii michache, kutoka katika viwanda vichache vyenye mafundi wachache. Haraka ya namna hiyo ndiyo inayozaa makosa ya mchoro, na Bunge la Marekani, ambalo lina nafasi ya kurekebisha kanuni ya kurudishwa wakati wowote, lingefanya hivyo sasa kabla maagizo hayajajaa.

Katika pwani yetu wenyewe jambo hili laja. Serikali ya Kenya ilikusudia kujenga kituo cha nyuklia cha megawati 1,000, na Uyombo katika Kaunti ya Kilifi pakatajwa, hata wakazi wakaandamana mwaka 2024 kwa kuhofia bahari yao, samaki na mikoko ya Mida. Uganda nayo imetaja Buyende, na Tanzania ina urani yake huko Namtumbo. Mitambo ya uzalishaji huingia tayari katika Jumuiya ya Afrika Mashariki bila ushuru wa forodha, na mjenzi wa kituo, awaye yote na atokako kokote, ataomba nafuu nyingine juu ya hiyo. Wanaoandika mikataba hiyo katika afisi za Nairobi, Kampala na Dodoma wasiridhike kujadili asilimia ngapi isamehewe. Waandike pia, kwa maneno yasiyohitaji tafsiri ya wakili, kiasi gani kitarudishwa mtambo ukifa katika mwaka wa pili, wa kumi na wa ishirini, na kwa mpaka gani mtengenezaji atawajibika. Watu wa Uyombo waliuliza juu ya samaki na mikoko. Ikiwa kituo kitajengwa, pale au kwingineko, wana haki ya kujibiwa na hili pia, kabla meli ya kwanza yenye birika la mvuke haijatia nanga Kilindini: likivuja, ni nani atakayelilipia.